Neno la Siri la Fundi na Sufuria za Bodo

Mkiniona nimekaa barazani kwangu Msambweni na kifutio cha penseli mfukoni, msidhani nimerudi chekechea. Kifutio hicho kimenilisha mimi na wanangu miaka yote niliyokuwa fundi wa kompyuta, kuanzia Ukunda mpaka huku. Kompyuta za pwani zinauliwa na chumvi. Upepo wa bahari unapenya kila mahali, unaganda kwenye vile vijimeno vya kadi ya kumbukumbu, na mashine inagoma kuwaka. Mwenyewe analia, anadhani ni virusi, au jirani hasidi. Wewe unachomoa kadi, unaisugua vijimeno kwa kifutio, unairudisha, mashine inawaka. Lakini usisugue mbele ya mteja. Akikuona na kifutio cha mtoto wa shule hatakuita fundi tena. Mimi nilikuwa namtuma kwanza akanunue maji baridi.

Nawaandikia nyinyi mnaoanza kazi hii, mnaokuja kwangu na simu mbili mbili na kuniita Mzee Pengwini. Jina hilo sina kinyongo nalo. Nitawaeleza lilikotoka, kisha nitawaeleza namna nilivyoipoteza sauti ya marehemu mama mkwe wangu siku chache kabla ya harusi ya binti yangu, mimi niliyejifanya mlinzi wa sauti hiyo. Hili la pili naliona haya mpaka leo. Ndiyo sababu naliandika.

Kazi nilifunzwa na Bwana Mutua, Mkamba aliyeteremka Diani kutengeneza majokofu ya hoteli. Kompyuta zilipoingia, aliziangalia akasema ni jokofu tu, ila halina soda. Alinipa kanuni moja ambayo sijaona kitabu kilichoipita. Ukifika kwa mteja, usiulize nani ameharibu. Uliza, mara ya mwisho mashine ilipokuwa nzima ilikuwa ikifanya nini? Ukiuliza nani, utatajiwa mtu ambaye siku hiyo yuko likizo.

Kosa langu la kwanza nililifanya mapokezi, kwenye hoteli moja ya ufukweni. Nilifungua boksi la umeme la kompyuta, nikamkuta mjusi kafiri amekauka kama samaki wa ng'onda. Kwa furaha ya kuupata ugonjwa nikamwinua kwa mkia mbele ya wageni waliokuwa wakisubiri funguo za vyumba. Bibi mmoja wa Kizungu alipiga ukelele uliomtoa mpishi jikoni. Mutua alinivuta kando.

"Wewe Hamisi, ukipata mjusi weka kwa mfuko. Ukiulizwa, sema ni shida ya stima."

"Lakini si uongo, Bwana Mutua?"

"Uongo gani? Stima si ndiyo imemuua?"

Miaka hiyo programu tulizotia kwenye kompyuta za watu zilikuwa za wizi, tuseme kweli. Sahani moja ya CD iliyojaa mikwaruzo ilizunguka Ukunda yote, na kila mashine ilikuwa imesajiliwa kwa jina la bwana mmoja wa ng'ambo ambaye hatukumjua. Kinyozi alikuwa yeye, mpiga picha alikuwa yeye, hata mwalimu wa maadili alikuwa yeye. Ijumaa tulisikiliza hotuba juu ya uharamu wa kula mali ya mtu, tukaitikia amina kwa sauti, kisha tukarudi dukani kuendelea kunakili. Namba ya usajili ya yule bwana niliijua kwa moyo kuliko namba ya kitambulisho changu.

Kisha nikakutana na programu huria. Waliozitengeneza wameziacha wazi: unazitumia, unazifungua uone zilivyoundwa ndani, unarekebisha pasipokupendeza, na unampa mwenzako. Ile kubwa yao, inayoendesha kompyuta nzima, nembo yake ni pengwini, ndege mnene wa nchi za barafu. Wenzangu walishangaa. Nani mwenye akili timamu atoe kazi yake namna hiyo? Mimi sikushangaa, kwa sababu nimeoa kijiji cha Bodo, na Bodo kuna sufuria za shughuli.

Wasiozijua niwaeleze. Ni sufuria kubwa za kupikia harusini na matangani. Hazina mwenyewe. Leo ziko kwa huyu, kesho kwa yule, kutegemea shughuli ya mwisho ilikuwa wapi. Ukiwa na jambo lako unaarifu tu, unazichukua. Unazirudisha zimesuguliwa kwa mchanga. Ukiikuta imetoboka, unaitia kiraka hata kama si wewe uliyeitoboa. Na huandiki jina lako. Bwana mmoja aliwahi kuandika lake kwa rangi nyekundu kwenye kitako cha sufuria aliyoiziba, na wanawake wakalisugua mpaka likatoka, halafu wakamshukuru kwa kiraka.

Basi nikawa mhubiri. Mtu akiniletea kompyuta inayotoa moshi, kabla sijaizima namuuliza kama amesikia habari za programu huria. Nilihubiri harusini, nilihubiri kwenye foleni ya maji. Nilibandika pengwini kwenye mlango, kwenye baiskeli, na kwenye kabati la vyombo la mke wangu Mejumaa, ambaye aliniambia, "Baba Fatuma, huyo ndege wako akija kuposa, mwambie nyumba hii imejaa." Hapo ndipo jina liliponinasia.

Wateja walikuwa wagumu. Meneja mmoja wa hoteli aliikataa programu huria kwa sababu nilimwambia ni ya bure. Alisema kitu cha bure ni kibovu. Nikarudi wiki ya pili na programu ile ile, nimevaa tai, nikamwambia hii haipewi kila mtu, kwanza tutachunguza kama hoteli yake inastahili. Alinipigia simu mara tatu kuuliza kama amefaulu. Mwenzenu mmoja aliyekuja baada yangu pale, kijana wa bara mchangamfu sana, aliing'oa yote, kumbukumbu za hoteli akazipeleka mtandaoni. Akaniambia, "Mzee, hizo ni vitu za kitambo. Siku hizi kila kitu iko kwa cloud." Nikamuuliza wingu hilo linanyesha wapi. Mwezi haukuisha, tingatinga la barabara likakata waya wa mtandao, na hoteli nzima ikawa haijui nani analala chumba gani. Nilipopita, yule kijana alikuwa anagonga mlango mmoja mmoja na daftari mkononi akiuliza wageni majina yao. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kicheko hicho kikumbukeni, maana kilinirudia.

Sasa sikilizeni lililonipata.

Mke wangu ana dada yake mkubwa, Mwanasha, aliyekuwa mwalimu wa watoto wadogo na sasa amestaafu, anakaa kwao Bodo. Huyu alianza kuwarekodi bibi wa kijiji kwa simu yake: majina ya samaki, aina za mikoko, nyimbo za kubembeleza watoto. Mimi nikajitia katikati na kompyuta yangu na kipaza sauti. Kipaza sauti kivisheni soksi safi, upepo usiingie. Safi, nimesema. Bibi mmoja aliinusa yangu akakataa kuimba.

Katika ukoo wa mke wangu, bibi harusi hatoki kwao mpaka nyanya yake amkalishe mkekani mbele ya wanawake ampe wosia, kwa Kidigo, alasiri ile anapoondoka. Mama mkwe wangu, Bi Mwanauba, aliwapa wosia wajukuu wake wote wa kike isipokuwa wa mwisho, Fatuma wangu, ambaye wakati huo alikuwa bado shuleni. Siku moja akasema kwa sauti ya kawaida tu, kama anayetaja kuisha kwa unga, "Huyu sitamuwahi. Leteni hiyo soksi yenu." Tukamrekodi wosia wa Fatuma, na siku hiyo hiyo Mwanasha akachukua nakala kwenye simu yake. Kabla ya mwaka kuisha akafariki. Alhamdulillahi, tulisema, sauti tunayo.

Haukupita muda, kijana mmoja mwenye simu kwenye fimbo, wale wanaojipiga video Diani asubuhi hadi jioni, akaupata wimbo mmoja wa kubembeleza aliouimba Bi Mwanauba. Sijui aliupata vipi. Akauweka chini ya video yake akila kamba wa kuchoma, na watu wakammwagia mioyo. Damu ilinichemka. Marehemu wetu anasindikiza kamba! Nikaenda Bodo mbio. Nikakusanya rekodi zote kwenye diski moja, nikafuta zilizokuwa kwenye simu ya Mwanasha na kwenye kompyuta yangu, nikawagombeza wanawake kwamba wanasambaza mambo ovyo, na diski nikaifunga kwa neno la siri refu kuliko treni ya Mombasa.

Mwanasha alinitazama. "Shemeji, sufuria haifungiwi."

"Hii si sufuria," nikamjibu. "Hii ni data. Na ni kwa muda tu."

Mimi, Mzee Pengwini, niliyemsumbua kila mtu kwa habari za uwazi, nikarudi nyumbani na diski kifuani nikijiona shujaa. Na kwa kuwa nilikuwa nimewafunza wenzangu miaka mingi kwamba neno la siri haliandikwi popote, sikuliandika popote.

Miaka ikapita, Fatuma akaposwa na kijana mwema wa Kinondo. Harusi ikawa Jumamosi. Jumanne, Mejumaa akaniambia, "Baba Fatuma, ule wosia wa mama uweke tayari. Tutausikiza alasiri, kabla mtoto hajatoka."

"Tayari zamani," nikasema.

Nikachomeka diski, kikatokea kisanduku cha kuandikia neno la siri, nami nikakiangalia kama mgeni nisiyemjua. Nilikumbuka jambo moja tu: lilikuwa ni methali, ambayo herufi zake nilizigeuza tarakimu, a kuwa nne, i kuwa moja, o kuwa sifuri. Methali ipi, sikuwa na habari. Na nyinyi mnajua Kiswahili kina methali ngapi.

Nilianza na haba na haba. Nikaja haraka haraka. Nikaja akili ni mali, na hiyo iliponikatalia nilihisi imenikusudia. Mejumaa alipopita kuuliza, nikamwambia faili zinapakia. Jumatano asubuhi nikamwambia seva iko kwenye matengenezo. Hatuna seva. Nyumba yetu ina jiko, redio na mbuzi wawili. Maneno yote niliyowacheka mafundi wa wingu kwa kuyasema, niliyasema mimi, kwa mpangilio ule ule.

Jumatano alasiri alikuja akasimama nyuma ya kiti changu na mwiko mkononi. Miaka thelathini ya ndoa, mtu anakusoma kisogo.

"Umelisahau."

"Sijalisahau. Nalitafuta."

"Jaribu 'Kinyozi hajinyoi'."

Nilijaribu. Haikuwa.

"Jaribu 'Mganga hajigangi'. Jaribu 'Mbio za sakafuni huishia ukingoni'."

"Mke wangu, unanisaidia au unanisimanga?"

"Vyote viwili. Jaribu 'Mficha uchi hazai'."

Nilizijaribu zote, maana nilikuwa sina uchaguzi, na zote zilikataa. Kisha akakaa chini kando yangu, mwiko mapajani, akaacha mzaha. Akasema, "Hamisi, mimi mwenyewe nilikuwa nangoja kumsikia mama." Hakuwa ameniita kwa jina langu tangu Fatuma alipozaliwa.

Alhamisi asubuhi nilimwambia Fatuma mwenyewe. Nilitaka anikasirikie, ingekuwa nafuu. Alinishika mkono akasema, "Baba, usijali. Si lazima. Nitatoka tu." Akaenda kupima nguo yake. Vijana wangu, nimepigwa na umeme mara nne katika kazi hii, na hakuna ulioniumiza kama maneno hayo mawili, nitatoka tu. Mjukuu wa Bi Mwanauba atoke kwao kimya kama mtu anayekwenda dukani, kwa sababu babake alikuwa mjanja mno.

Nikaenda Bodo. Kwa Mwanasha niliwakuta wanawake sita uani wakisugua sufuria za harusi yetu. Nilitoa salamu, nikaambiwa nikae, sikukaa. Nikasema pale pale mbele yao wote: diski nimeifunga, neno la siri nimelisahau, wosia umepotea, na mwenye makosa ni mimi.

Wakaacha kusugua. Mwanasha akamtazama jirani yake Saumu, Saumu akatazama mchanga. Kisha mmoja akaanza kucheka, akajiziba mdomo kwa leso, na wote sita wakaangua.

"Shemeji," akasema Mwanasha, "kwani ile siku ulipokuja kunifutia simu, uliniuliza kama nimeshampa mtu?"

"Sikukuuliza."

"Nilikuwa nimeshampa Saumu. Saumu amewapa hawa. Hata kisiwani Funzi iko. Kitu cha shughuli hakikai nyumba moja, nyumba ikiungua je?"

"Na kwa nini hamkuniambia miaka yote hii?"

Saumu ndiye aliyenijibu. "Tukwambie utugombeze tena? Fundi, ulivyokuwa mkali siku ile, mimi simu yangu niliificha kwenye mtungi wa mchele."

Akafungua fundo la leso yake, akatoa simu iliyopasuka kioo. Akabonyeza. Bi Mwanauba akazungumza. Sauti ilikuwa safi kuliko ilivyokuwa kwangu, maana ule mvumo wa upepo ulionishinda licha ya soksi ulikuwa umeondolewa. Nikauliza nani kauondoa. Binti yake Saumu, nikaambiwa, kwa ile programu huria niliyokuwa namhubiria kila nikipita, mpaka akaamua kujifunza ili nimwache. Sikuona haya kulia mbele ya wanawake sita na sufuria tatu.

Hapa niwatilie neno la kazi kidogo, wanangu. Nakala moja si nakala. Nilikuwa nimeisema sentensi hiyo kwa wateja labda kila siku ya maisha yangu ya kazi. Wanawake wale hawakuwahi kuisikia, na hawakuwa na haja nayo.

Jumamosi alasiri, uani kwetu, Fatuma alikalishwa mkekani amejitanda, na simu ya Saumu ikaunganishwa kwenye spika ya harusi. Nilisimama nje ya ua, wanaume hawaingii, lakini spika haijui ukuta. Bi Mwanauba alimwita Fatuma kwa jina. Akamwambia ndoa si mashindano ya nani kanyamaza. Akamwambia asiende kwa watu na midomo miwili, na asimpikie mume akiwa amekasirika, chumvi huzidi. Akamwambia kwao ni hapa, na mlango haufungwi. Nilimsikia Mejumaa akilia kilio kizuri. Kisha dua, kisha amina, kisha vigelegele.

Mimi nilijua rekodi inaishia hapo, kwa sababu mimi ndiye niliyeikata. Kilichofuata baada ya amina niliwahi kukiona ni takataka, nikakifuta kwenye nakala yangu ili iwe nadhifu. Lakini wanawake walikuwa na ile ya mwanzo, nzima, na spika ikaendelea.

"Hamisi," ilisema sauti ya Bi Mwanauba. "Hii sauti yangu sasa unaipeleka wapi?"

Ikajibu sauti ya mwanamume, yenye madaha, ya mtu anayejua kila kitu. Ilikuwa yangu. "Itakuwa ya wote, mama. Hivyo ndivyo sisi watu wa programu huria tulivyo. Atakayeitaka ataichukua."

"Haya. Maana nakujua. Usije ukaifungia kabatini na vikombe vya mwanangu."

"Mimi? Aa, mama, siwezi."

Kicheko kilichotoka ua ule, nadhani Bodo walikisikia. Mabwana niliosimama nao, pamoja na wakwe zangu wapya wa Kinondo, walinigeukia mmoja mmoja. Nikaangalia viatu vyangu. Na katikati ya kicheko kile nikamsikia Fatuma akicheka kwa kwikwi ndani ya mtandio wake, bibi harusi ambaye anatakiwa atoke akilia, na akatoka hivyo hivyo mpaka kwenye gari.

Diski ile bado imefungwa. Mejumaa anaiweka mezani chini ya chungu cha moto, kisiunguze kitambaa.

Jumapili asubuhi Mwanasha alikuja kuchukua sufuria. Nilikuwa barazani. Aliniletea ile kubwa kuliko zote, yenye ukoko wa pilau kitakoni, na kibakuli cha mchanga.

"Shikamoo, dada," nikamwambia, ingawa nimemzidi umri.

"Marahaba. Sugua, shemeji. Hii haina neno la siri."

Nikatoa kifutio mfukoni nikakiweka kando, nikakunja mikono ya kanzu, nikasugua.